Kuku wa Mama Mkwe Aombewa Cheti cha Tabia Njema

Ugweno
17 Juni 1953

Kwa Bwana Afya Eliufoo,
Same.

Mheshimiwa Bwana Afya,

YAH: KUKU WANGU KUSINGIZIWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana ukiugua wewe sijui sisi tutakimbilia kwa nani. Mimi ni Yusto, mwalimu wa kwaya ya hapa, yule mrefu uliyemnyooshea kidole Alhamisi iliyopita ulipokuja kutufundisha usafi pale uwanjani pa kanisa. Siku ile sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika mno. Sasa nimetulia, naandika kwa adabu zote.

Bwana Afya, umenivunjia nyumba. Ulisema mbele ya watu wazima kwamba kuku anayelala chini ya kitanda changu ana vijidudu visivyoonekana kwa macho, ati vinaitwa salmonela, ati vinatoka kwenye kinyesi chake vinapanda kwenye mayai, kwenye mikono na kwenye vyombo, mpaka tumboni mwa watu. Mke wangu Zipora alikuwa amekaa mbele kabisa, anasikiliza mpaka mdomo wazi. Jumapili baada ya ibada akamshika mkono mwanetu Kaanaeli, akajitwika sufuria kubwa, akaenda zake Usangi kwa mama yake. Amesema atarudi siku kuku atakapolala nje. Leo ni siku ya nne nakula ndizi za kuchoma peke yangu, na nyumba imenyamaza vibaya.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Huyo si kuku wa kuokota njiani. Aliingia nyumbani mwangu miaka minne iliyopita akiwa mikononi mwa mama mkwe wangu, Mama Hedwiga, Zipora alipojifungua Kaanaeli. Mama alimweka mlangoni, akaingia kumwona mjukuu, akaondoka. Wewe nawe umeoa, unajua kwamba mama mkwe hahojiwi. Sikumwuliza kuku ni wa nini, naye hakunieleza. Nikaelewa mwenyewe kwamba ni wa kutunzwa kwa heshima, na ndiyo sababu tunamwita Mkwe. Sasa unataka nimtoe Mkwe nje kwenye baridi hii ya Juni, ukungu unaingia mpaka ndani ya viatu? Watu wataniitaje?

2. Ulisema waimbaji wangu waliugua kwa sababu ya mayai ya Mkwe. Hebu tuambizane ukweli. Ni kweli tulikwenda Same kuimba bomani siku ya kutawazwa Malkia. Ni kweli asubuhi ya jana yake niliwapa wanaume wanane wa sauti ya tatu yai bichi moja moja, walainishe koo, kama tunavyofanya kabla ya kila shughuli kubwa. Ni kweli vilevile kwamba tulipofika ubeti wa pili walianza kuchomoka mstarini mmoja mmoja wameshika matumbo, na mmoja wao, Simeoni, akaruka ua wa maua mbele ya wageni wote. Lakini mbona akina mama, sauti ya kwanza na ya pili, hawakupatwa na lolote? Walipanda lori lile lile, wakala makande yale yale, wakanywa maji yale yale. Kitu pekee ambacho hawakukionja ni yai. Mtu mwenye akili zake ataona wazi kwamba kosa si la yai. Sauti ya tatu ni sauti ya watu dhaifu, nami nimesema hivyo tangu zamani.

3. Habari ya kunawa kwa sabuni kila mtu anapomshika kuku. Haya, wewe ukisalimiana na mama mkwe wako, ukamwachia mkono, kisha ukakimbilia sabuni, utakaribishwa tena?

4. Ulipopita nyumbani kukagua ulimkuta mbwa wetu akilamba chungu, ukashika kichwa. Mbwa yule anaitwa Karani, maana hajapata kufanya kazi ya jasho, isipokuwa hiyo ya vyombo. Analamba chungu, analamba maganda ya mayai, halafu anamlamba Kaanaeli usoni kwa mapenzi, na Kaanaeli naye anawabusu vifaranga. Ukasema hiyo ndiyo njia yenyewe ya ugonjwa: kuku, mbwa, mtoto, chungu, na kurudi tena. Mimi naita hiyo familia inayopendana. Mtoto aliharisha, sikatai, mara tatu mwezi wa tano, na homa juu, lakini alikuwa anaota meno. Najua ana miaka minne. Meno mengine huchelewa.

5. Visu. Unataka kisu cha nyama kiwe mbali na kisu cha mboga. Bwana Afya, kanisa limeniruhusu mke mmoja tu, na huyo mmoja umemkimbiza. Visu viwili vya nini? Tena ulikemea makande yaliyolala. Makande yetu hayapoi kabisa. Mkwe hukalia kifuniko cha chungu tangu jioni, na asubuhi yana joto zuri, ungedhani yametoka jikoni sasa hivi.

6. Ili kumaliza ubishi, jana asubuhi nilimeza mayai mawili mabichi ya Mkwe, tumbo tupu, Simeoni akiwa shahidi. Simeoni alikataa kabisa kumeza, akatazama pembeni. Mpaka saa hii ninapoandika mimi ni mzima kama mwamba. Tumbo linanguruma kidogo, bila shaka kwa ajili ya zile ndizi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, wala si makubwa. La kwanza, uje na muhuri wako umpime Mkwe kwa heshima, kisha umwandikie cheti cha tabia njema, kitamke kwamba kuku huyu ni msafi, hana hatia, na anaruhusiwa kulala ndani. La pili, cheti hicho ukipeleke mwenyewe Usangi, ukamsomee Zipora kwa sauti. Mimi hanisikilizi tena, lakini karatasi yenye muhuri ataiogopa.

Wasalimie wote wa Same: mkeo, watoto, makarani wenzako, na yule bwana mwenye ua wa maua, umwambie Simeoni anaomba radhi na atapanda mengine. Karani anakusalimu. Mkwe amenyamaza, lakini ameumia.

Ni mimi niliyeonewa, mwenye kukuheshimu bado,

Yusto, mwalimu wa kwaya

Nyongeza, Jumamosi tarehe 20. Barua hii sikuituma Jumatano kwa kuwa sikuweza kufika barabarani. Siku nyingine sikuweza kufika hata chooni kwa wakati. Naomba dawa, na uilete haraka. Simeoni ndiye anayeniletea uji, na haniulizi kitu, Mungu ambariki. Jana alirudi kutoka Usangi na maneno ya Mama Hedwiga. Kumbe kuku wake wote wanalala bandani. Kumbe yule wetu alimleta achinjwe, apikwe supu, mzazi apate nguvu, na miaka hii minne Mama anajiuliza amemwoza binti yake kwa mchoyo gani. Na Zipora aliisubiri ile supu pale kitandani, akanyamaza asinivunjie heshima. Nimelia, Bwana Afya, na si tumbo peke yake lililoniliza. Cheti sikihitaji. Nimejikongoja nimejenga banda, Mkwe yumo, chini ya kitanda pamefagiwa. Ukipita Usangi mwambie Zipora arudi, supu yake ipo. Nitampika Mkwe mimi mwenyewe, mpaka aive kabisa, kwa kisu chake peke yake, na Karani nitamfunga mbali na chungu. Mikono nimekwisha nawa.