Ushuhuda Uliokosa Dhambi

Jumatatu, 4 Machi

Jana Mchungaji alitangaza: mwisho wa mwezi kuna mkutano mkubwa wa injili uwanjani. Spika nne. Watu watatu watatoa ushuhuda, na wawili wameshapatikana. Wa kwanza ni Cheche, kama kawaida! Cheche ni fundi wa kuchomelea, karakana yake imepakana na yangu. Zamani alikuwa akivunja madirisha ya watu. Siku hizi anayawekea nondo. Akisimama tu na kusema alikuwa mwizi, kanisa zima linatafuta leso.

Mimi je? Fundi wa makochi. Nilibatizwa nikiwa mchanga. Sijaonja pombe. Sijaiba hata msumari. Miaka ishirini napanga viti vya kanisa na kuvipangua, na hakuna aliyewahi kutoa chozi kwa ajili yangu. Sijawahi kupotea, sasa nani ashangilie kuniona?

Kuna jambo jingine, naliandika humu tu. Nikiomba sisikii kitu. Cheche akiomba, machozi. Mimi nikiomba, nawaza vitambaa. Leo asubuhi nimefika kwenye neno "Baba" tu, nikakumbuka kochi la daktari bado halijatiwa sponji.

Nafasi ya tatu ni yangu. Nimepungukiwa dhambi tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimemzunguka mke wangu kwa maneno akiwa anapiga pasi. Nimemuuliza ni ubaya gani mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona kwangu. Akafikiri muda mrefu. Nikapata matumaini. Akasema nakoroma wakati wa mahubiri, na kwamba kwenye msiba wa jirani watu waliniona nikipima kochi la wafiwa kwa futi. Basi? Akasema basi, mimi ni mtu mzuri. Mtu mzuri! Chai ilinishinda kwa hasira.

Mchana nikapiga moyo konde, nikaingia baa, mara ya kwanza maishani. Mpango: bia moja leo, toba kesho. Kabla sijaagiza, mwenye baa akanitambua. Akasema ni Mungu kaniletea, maana viti vyake vinne vya kaunta vimechanika. Nikapiga magoti kweli, lakini kwa ajili ya gundi na pini. Niliporudi mke wangu alininusa, akasema nanuka gundi, akanipa pole ya kazi.

Jumatano, 6 Machi

Nimefanikiwa! Nimefanikiwa kupita kiasi.

Ibada ya katikati ya wiki ina kipindi cha ushuhuda, yeyote anasimama. Mke wangu hakuwepo, alikuwa zamu hospitalini, anakofua mashuka. Mama mkwe alikuwepo, safu ya pili, lakini masikio yake yana siku zake. Nilikusudia kukiri pombe tu. Nikasema nilikuwa mlevi wa kutupwa, nililala mitaroni. Hakuna aliyetikisika. Cheche alikuwa akijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Mtu mmoja akapiga miayo! Nikaongeza mwanamke, mji wa mbali, miaka saba iliyopita. Vichwa vikainuka. Safu za nyuma bado zilikuwa zinasinzia. Basi ulimi ukateleza wenyewe, nikaongeza mtoto. Wa kike. Miaka sita. Sijawahi kumtia machoni!

Kanisa likalipuka. Vilio vya kweli. Cheche alikuja kunikumbatia huku mashavu yamelowa. Mchungaji akanipa nafasi ya tatu palepale. Na kwa mara ya kwanza nikasikia kitu kifuani. Nadhani ni Roho. Inawezekana pia ni majivuno, sikuwa na muda wa kuchunguza.

Mama mkwe hakulia wala hakupiga makofi. Alinitazama tu. Leo masikio yake yalikuwa mazima.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu amejua. Mama yake alimfikia kabla yangu. Hakupiga kelele. Alisimama jikoni amenipa mgongo, akakata kitunguu kimoja kwa muda wa kupikia chungu kizima. Nilijiandaa kusema ukweli. Nikafungua mdomo. Kisha nikauona ule uwanja, watu wamejaa hadi barabarani, nikafunga mdomo.

Alipogeuka alisema amenisamehe. Akasema mtoto hana kosa. Niende nikamlete.

Tuna miaka kumi na mmoja ya ndoa na hatujapata mtoto. Mke wangu ameomba mpaka magoti yakaota sugu. Mwaka juzi akaacha kuzungumzia habari hizo, nami sikumuuliza kwa nini. Leo ameniambia labda Mungu amejibu kwa njia iliyopinda. Macho yake yaling'aa. Nilikimbilia karakana nikajifanya nina kazi ya haraka.

Ijumaa, 8 Machi

Maji yamenifika shingoni. Kina mama wa kanisa wameleta magauni manne, viatu na begi la shule. Wameuliza mtoto anavaa namba ngapi. Nimesema namba ya wastani. Wametazamana.

Cheche ameleta kitanda kidogo alichokichomelea mwenyewe, chenye ua la chuma kichwani. Hakutaka hata asante. Amesema sasa sisi ni ndugu. Nimekitafutia kasoro. Hakina! Nimekasirika, kisha nikaona aibu. Nikakishonea godoro kwa mikono yangu, sponji ile ngumu ninayowawekea wateja wakubwa. Ni mjinga gani anamshonea godoro mtoto ambaye hayupo? Lakini mke wangu alinishikia kitambaa, na alikuwa anaimba. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba.

Mchungaji amesema Jumatatu tutakwenda kumchukua mtoto, sote, kwa gari la Cheche. Nimesema ni mbali sana. Amesema anapenda safari.

Jumamosi, 9 Machi

Niliamka na mpango safi: nitasema mama wa mtoto amekataa. Mwanamke mkorofi, hana hata chembe ya huruma. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia.

Nikamkuta mke wangu kwenye chumba kidogo tulichoweka kitanda cha mtoto, anatundika pazia, msumari mdomoni. Akaniuliza kama mtoto anaogopa kulala peke yake. Nikashindwa. Nikasema hakuna mtoto. Hakuna mwanamke. Pombe hakuna. Yote nimetunga.

Alitoa msumari mdomoni. Aliuliza mara moja tu kama nina hakika. Kisha akakaa kitandani, akayakunja magauni yote manne, moja baada ya jingine, bila haraka. Akasema mume mzinzi angemvumilia. Akasema alikuwa ameshampa jina. Hakuniambia jina lenyewe.

Nimemuumiza na mimi nimeumia. Sina la kuongeza, na mimi huwa sikosi la kuongeza.

Jumapili, 10 Machi

Nimesimama mbele ya kanisa nikasema ukweli wote, tangu mwanzo. Hawajaamini! Kina mama wamenong'ona kwamba naikana damu yangu. Mama mkwe amesema kwa sauti kwamba tangu siku ya posa alinijua. Mchungaji amefuta safari ya kesho na kunitoa kwenye orodha, maana hawezi kumpa kipaza sauti baba anayemkimbia mwanawe. Nikidanganya wanalia, nikisema kweli wanatikisa vichwa!

Cheche alinivuta pembeni nje. Akanieleza kwa upole kwamba yeye aliwakimbia watoto wake wawili, na kwamba hilo ndilo asiloweza kulisema kwenye ushuhuda wake. Akanisihi nirudi kwa binti yangu. Nikamwapia kwamba hayupo. Akasema na yeye aliapa hivyohivyo.

Mke wangu peke yake ndiye ameniamini. Tulipofika mlangoni akasema hataki niombe radhi kwa maneno matamu, maneno yangu ameyachoka. Akataka niingie chumba kile kidogo, nifunge mlango, niseme na Mungu mahali ambapo hakuna wa kunipigia makofi. Mara moja tu maishani mwangu. Nikitoka ndipo ataamua kama anabaki hapa au anahamia kwa mama yake. Nguo zake tayari ziko kwenye sanduku.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeingia saa nne asubuhi. Nimefunga mlango. Nimepiga magoti kando ya kitanda. Mwanzoni ni vitambaa, kama siku zote. Kisha nikasema sijui kama uko hapa, ila nimemuumiza, naye hakustahili. Hayo tu. Machozi yakatoka. Nimelia kweli, kamasi na vyote, na kwa mara ya kwanza si kwa kujionea huruma. Chumba kilikuwa kimya, lakini si kimya cha kuwa peke yangu. Sijui nieleze vipi. Nikatulia, nikasikiliza. Sikuwaza kitambaa chochote.

Halafu nikashtuka. Ushuhuda ndio huu! Na wa kweli! Nikatoa daftari mfukoni kabla haujapoa.

Ilikuwa kama dakika nne. Nitasema siku tatu, bila chakula wala maji. Pazia litikisike, na dirisha limefungwa. Nimsikie Mungu akiniita kwa jina, mara mbili, mara moja haitoshi. Mke wangu awe mlangoni amepiga magoti, anabubujikwa na machozi. Watu humwamini mtu ambaye mkewe analia. Kwa Mchungaji hakuna tena nafasi, lakini kuna lile kanisa jipya nyuma ya stendi, na pale hakuna anayenijua.

Mke wangu amegonga mlango, polepole. Ameuliza, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu Ijumaa, kama bado naomba. Nimemjibu ndiyo, bado, asinikatishe.