Viti Vinavyotazama Mlima

Marafiki, leo nimejiaibisha mbele ya mtaa mzima, tena kabla ya chai ya saa nne. Naandika nikiwa chini ya blanketi. Hata viatu sijavua.

Mnajua nilihamia Nyeri juzi juzi kutoka Murang'a, kuuza rangi na misumari katika duka la Wahindi pale mjini. Mtaa ninaoishi ni mpya. Nyumba za ghorofa, barabara ya matope, kibanda kimoja cha mboga, basi. Katikati kuna uwanja mtupu ambao mjenzi aliuacha uwe wa watu wote. Wengi walitaka umwagiwe kokoto, uwe mahali pa kuegesha na kuosha magari. Mimi nilitaka bustani.

Kwa nini? Kwa sababu simjui mtu. Jioni natoka kazini, nafunga mlango, nautazama ule uwanja kwa dirisha, na polepole naanza kuwaona watu pale. Akina mama wameketi na vikapu vyao. Mtu anamenya muwa. Nyasi zina umande, mwanga ni wa dhahabu, na mmoja anasogea kwenye kiti ili nami nikae. (Ndiyo. Hata katika ndoto zangu mwenyewe bado nasubiri nisogezewe.)

Basi nikaichora ile bustani. Kuchora ramani nimejifundisha kwa simu, na mimi nikishika penseli siwezi kuacha. Nilifuta, nikarudia, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka, nikaanza nyingine. Viti nikavipanga vyote vikitazama mlima. Nyuma ya viti hivyo, mbali na macho ya watu, nikaweka choo.

Sasa sikieni kosa langu. Tangu nihamie, Nyeri imekuwa ndani ya ukungu. Baridi ya Julai mnaijua. Mlima wenyewe, Kirinyaga, sijauona hata siku moja. Nilichoona ni kivuli kikubwa cha samawati upande mmoja, kinakuja na kupotea, nikasema moyoni, ndio ule. Kuuliza? Unaanzaje kumsimamisha mtu wa Nyeri umuulize mlima uko wapi? (Umbali kati ya kiti na kiti niliupima mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Upande wa kutazama sikumuuliza mtu.)

Leo asubuhi mkutano wa kuamua ukafanyika pale pale uwanjani, ukungu umetufunika kama pamba. Mwenyekiti wetu, Mzee Githinji, akaniita mbele. Nikainua mchoro.

"Sista, iko sawa," akasema Kevo, fundi wa magari. "Lakini hapo gari itaoshewa wapi?"

Watu wakacheka. Maneno yote yakanitoroka. Nikakumbuka video moja iliyosema ukikwama, waambie wasikilizaji wafumbe macho waione ndoto yako.

"Naomba tufumbe macho," nikasema.

Nilisahau niko wapi. Huku ukiwaambia watu wafumbe macho, kofia zinavuliwa. Mama Nyambura, mwenye kibanda cha mboga, akavuta pumzi ndefu. "Tuombe."

"Si maombi, mama," nikanong'ona. Hakuna aliyesikia. Na mimi si mtu wa kumkatiza anayeongea na Mungu.

Akaiombea barabara. Akayaombea maji yanayokatika. Akamwombea aliyemwibia sukuma wiki, abaki na sukuma lakini arudishe gunia. "Na huyu msichana mgeni, Baba, ati hata salamu anaogopa. Mpe watu."

Nilifumba macho zaidi, na gizani mle bustani ikaja yenyewe, na viti, na nyasi, na sauti za watu zikiongea kwa chini. Upepo ukapita. Jua likanigusa kisogoni, laini kama mkono. Ningeweza kubaki hapo siku nzima.

"Amina."

Nikafungua macho. Wote walikuwa wananitazama, nyuso zimelegea kwa mshangao na upole. Nikasema moyoni, wameiona. Wameiona bustani yangu. Nikapata ujasiri ambao sijawahi kuwa nao.

"Na ukiketi hapa," nikasema, nikinyoosha mkono juu ya vichwa vyao, "mlima wetu uko pale, mbele yako."

Wakageuka nyuma. Wakanigeukia tena.

"Sista," akasema Kevo taratibu, "geuka."

Nikageuka. Ukungu ulikuwa umefunguka, na mlima ulikuwa nyuma yangu. Mzima. Vilele vyeusi, theluji kidogo mabegani, na chini yake wingu jembamba, kana kwamba haujashika ardhi. Hata mimi nilisahau kuaibika.

Kisha Mzee Githinji akauchukua mchoro.

"Viti vinaangalia wapi?"

"Mlima, mzee."

"Upi?"

Nikaonyesha kivuli changu cha samawati.

"Hiyo ni milima ya Nyandarua. Hata kwenu Murang'a iko." Akasogeza kidole. "Na hii nyumba ndogo inayotazama mlima?"

"Choo."

"Iko na dirisha?"

"Kubwa," nikasema. (Nilitaka hewa nzuri.)

Mama Nyambura alikaa chini kwenye matope akicheka, akijipangusa macho kwa leso. "Yaani mtu apange foleni ya choo ndio aone Kirinyaga!"

Nilianza kuikunja karatasi niende zangu. Kevo akanishika mkono. "Ngoja. Mimi nilikuwa wa kuosha magari. Lakini choo kama hiyo sijaona maisha yangu yote. Hiyo naitaka." Akainua mkono. Mama Nyambura akainua wake kutoka pale chini. Wakafuata wengine, hata wale wa kokoto.

Bustani imepitishwa. Viti vigeuzwe, akaamuru Mzee Githinji, na choo kibaki vile vile na dirisha lake. Sasa mlangoni pangu pameanza kubishwa hodi. Nasikia sauti ya Mama Nyambura ikiniita nikanywe chai, "wewe mtu wa Nyandarua."

Tafadhali msinicheke. Mkishindwa, chekeni leo mmalize, maana Jumatatu napanda nyasi na majirani zangu.