Mtoeni Shemeji Yangu Kwenye Sanduku

Cleethorpes,
Jumatatu baada ya Pasaka

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Nyimbo Zisizochakaa,
London.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUMWONDOA SHEMEJI YANGU KWENYE SANDUKU LA MWAKA 1963

Natumaini u mzima. Mimi ni mteja wenu wa tangu mwanzo. Kila sanduku la sidii mlilotoa, la nyimbo za mwaka mmoja mmoja zilizoingia kwenye chati ya taifa, nimelinunua, na yote yamepangwa sebuleni, mahali palipokuwa na kabati la vyombo la mke wangu, Glenys. Kwa hiyo haya si maneno ya mtu mwenye chuki. Ni ya mtu aliyeumizwa.

Kwenye sanduku la 1963, sidii ya tatu, karibu na mwisho, kuna wimbo kuhusu msichana na mwavuli. Mwimbaji ni Lionel Sugden, kaka yake Glenys. Wimbo huo ulishika mkia wa chati kwa wiki moja, ukaanguka, naye Lionel akaenda zake kuwa fundi wa gesi. Mambo yalipaswa kuishia hapo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Amani ya nyumba yangu ilitegemea kupotea kwa wimbo huo. Kila Jumapili mezani kwetu, Lionel alipoanza, "Enzi zangu nikiwa kwenye chati," nilimjibu, "Nani aliusikia?" naye akarudi kwenye viazi vyake. Ninyi mmeufukua bila hata kuniuliza.

2. Sasa unapigwa kabla ya chakula. Lionel husimama wima kama anayepokea gwaride, nyama ya kuoka inapoa na mchuzi unaganda. Jumapili iliyopita alinikazia macho akasema, "Shemeji, usitafune kwenye kiitikio. Watu wanasikiliza." Watu wenyewe ni Glenys na mbwa.

3. Kwenye baa ya mtaani kwetu, mtu wa kuulizwa mambo ya muziki wa zamani nilikuwa mimi. Mbishi akibisha, nilikwenda nyumbani kuleta sanduku, na ubishi ukaisha. Majuzi Doreen, mwenye baa, alimpa Lionel kiti changu cha karibu na moto. Nilipouliza kulikoni, akanijibu, "Wilf, usinune. Wewe una masanduku. Mwenzio yumo ndani ya sanduku." Baa nzima ilicheka. Nikaondoka bila kumaliza bia, jambo ambalo halijawahi kutokea.

4. Hili ndilo zito. Mafundi wenu wameusafisha wimbo huo mpaka waitikiaji wanasikika mmoja mmoja. Mmoja wao, mwenye sauti ya juu, nilimtambua nikiwa nakausha vyombo. Nilimfuata Glenys bustanini.

"Yule ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuuliza," alisema, akiendelea kupalilia. "Uliniuliza tu kama nayajua majina ya wapiga ngoma wa bendi za Liverpool."

Ndugu Mkurugenzi, nimekusanya sauti za nchi nzima, na moja nimeishi nayo nikiiambia inyamaze nisikilize muziki. Nani atanilipa hiyo?

Kwa hiyo naomba masanduku yote ya 1963 yarudishwe kiwandani. Ikishindikana, sauti ya Lionel ifutwe, waitikiaji wabaki. Na hilo likishindikana pia, tafadhali iandikieni serikali ili mwaka 1963 upunguzwe wiki moja. Wiki yenyewe ninaweza kuwatajia, na sidhani kama kuna jambo jingine la maana lililotokea humo.

Nisalimie mafundi, wapakiaji, na yule dada wa kwenye simu aliyenisikiliza mpaka mwisho. Mwambieni kikohozi changu kimepona.

Mteja wenu mwaminifu, mwenye kinyongo,

Wilfred Oldroyd

Nyongeza: Glenys ameisoma barua hii wakati natafuta stempu. Amesema niitume nikitaka, ila niwaulize kama mnao upande wa pili wa santuri ya wimbo ule. "Siku ya kurekodi, baada ya wimbo wa mwavuli, sauti ya Lionel ilikauka kwa mafua," amesema, "kwa hiyo upande huo niliuimba mwenyewe." Tafadhali puuzeni yote niliyoandika hapo juu. Lionel aachwe alipo. Kama upande huo mnao, msiutume kwa posta. Nakuja London kwa treni ya kwanza.