Ukuta Uliokula Baraza

Jumatatu, 3 Machi

Ninayo heshima ya kujiarifu kwamba vita vimeanza. Bibi Mkuu wa ofisi ametangaza kuwa jengo litakarabatiwa, na baraza ninapowaandikia watu barua za maombi huenda likazibwa. Mimi na meza yangu tuhamie getini, juani! Jirani yangu wa barazani, Bwana Fotokopi, anashangilia. Mashine yake imeahidiwa chumba ndani. Amenishauri ninunue mwavuli. Nitaunda mfano wa jengo, baraza likiwepo na meza yangu katikati, niuwasilishe Ijumaa. Mkuu ataona mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima mlango wa kabati uwe msingi. Mke wangu hajaarifiwa rasmi. Kipimo: sentimita moja ya mfano ni nusu mita ya jengo. Kuta nimezikata kwa karatasi ya manila. Zilisimama kwa adabu mpaka mke wangu alipofungua dirisha. Zikalala zote! Akauliza kama hiyo ni ofisi au ni nguo zilizoanikwa. Kisha akauliza ni nani aliyelivua kabati lake.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Fotokopi amekuja kurudisha kalamu yangu. Kurudisha! Amekuja kupeleleza. Akasema ukuta wa ofisi yetu una unene wa sentimita ishirini, kwa hiyo kwenye mfano ni milimita nne. Kadibodi moja ya boksi inatosha, mzee wangu, usijitese. Hila tupu! Anataka kazi yangu ionekane nyepesi. Nimegandisha kadibodi tano kwa kila ukuta. Nimeweka pasi juu yake, haukutikisika. Mke wangu akapiga hesabu akapata ukuta wa mita moja kamili. Akauliza ofisi inangojea mizinga ya nani.

Ndani, hata hivyo, kumepungua. Chumba cha karani kimebaki na upana wa kidole. Mke wangu akataka kujua: karani huyo ataingia kwa mlango, au atamiminwa?

Alhamisi, 6 Machi

Suluhisho! Unene uhamie nje. Nimebandua kadibodi za ndani, nikazigandisha upande wa pili. Vyumba vimepumua. Karani sasa anaweza hata kuoa.

Ila ukuta umefika kwenye nguzo za baraza. Baraza lenyewe limebaki mstari. Kulisogeza mbele haiwezekani: mlango wa kabati umeishia hapo. Meza yangu, ambayo ni kipande cha kifutio, nimeiweka huku, ikaanguka. Kule, ikaanguka. Mahali pekee ilipokubali kutulia ni ndani ya dirisha, ambalo kwa unene ule limekuwa kama rafu. Nimeiacha hapo. Kwa muda tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilianza kwa utangulizi. Bibi Mkuu akaomba tafadhali alione jengo kwanza. Akauzunguka mfano. Akaguna. Akasema ameshukuru mno, maana hata mimi, mtumiaji mkuu wa baraza, nimeona halihitajiki! Nikafungua mdomo. Bwana Fotokopi akapiga makofi, msaliti yule. Ndipo Mkuu akakiona kifutio dirishani, akauliza ni nini. Nikatamka, kwa heshima na taadhima, kwamba hiyo ni meza yangu. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Basi na iwe hivyo, akasema: baraza lizibwe, mwandishi apewe dirisha.

Jumatatu, 31 Machi

Mafundi wameondoka. Meza yangu imekaa dirishani, nusu ndani, nusu nje. Wateja wako nje; mimi niko ndani, kivulini, kama mtumishi kamili. Bwana Fotokopi kila akitaka kupita nyuma yangu hunibidi nisimame, naye hupita mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kasoro ni moja. Ukuta halisi una sentimita ishirini, hivyo meza inayumba. Kila nikiweka nukta, inatua kwenye mstari wa chini. Sababu ni dhahiri: Mkuu alipuuza unene wangu. Nitaunda mfano mwingine, wa dirisha peke yake, wenye kadibodi kumi, asipate pa kupuuza.

Kwa ajili ya msingi, nimeuendea mlango wa pili wa kabati. Haupo. Mke wangu ameuweka chini ya godoro na anaulalia. Nilipokuwa nikimtazama alivyolala, nimeona ule ubao wa kichwani mwa kitanda. Mpana, mnyoofu. Umeshikwa kwa skrubu nne tu.