Jiko la Mfukoni

Jumatatu, 4 Novemba

Shemeji Godwin amekuja kutoka Ikoma, anakofanya kazi hotelini. Kaniletea zawadi aliyopewa na mgeni mmoja mpanda milima: jiko la gesi. Jiko gani hili! Linakunjwa, linaingia mfukoni. Vimiguu vitatu kama vya panzi, chini mtungi mdogo. Nimewasha. Moto wa buluu, unaunguruma kama nyuki. Kikombe cha chai kikachemka kabla mke wangu Elieth hajapata sukari.

Jambo la ajabu: juu moto, chini mtungi baridi! Umetoa umande kama chupa ya soda. Kwa nini? Nimemwuliza Godwin. Kasema hajui, yeye anatandika vitanda.

Nimekunywa chai mara nne, kwa uchunguzi tu. Mtungi umepungua uzito. Godwin kaniachia mwingine wa akiba.

Jumanne, 5 Novemba

Habari kubwa! Filemoni, anayewatembeza wageni kwa miguu kwenye vilima vyetu hapa Mbalibali, anatafuta mpishi wa msimu mzima. Alhamisi atapeleka walimu kutoka Musoma kilimani. Atakayewalisha vizuri kule juu, kazi ni yake. Tuko wawili tu: mimi na Mama Wegesa, anayepika misiba yote ya kata hii.

Kazi hii naitaka. Tangu ng'ombe wetu waugue, Elieth analima peke yake vibarua vya watu na hanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nimemwendea Mama Wegesa, nikamwamkia shikamoo, nikamshauri apumzike, kilima kina mawe mengi. Akajibu marahaba, akasema mawe ndiyo anayoyataka, atapata mafiga.

Maskini. Hajui dunia imefika wapi.

Jumatano, 6 Novemba

Majaribio. Upepo ulizima moto mara tatu. Nikafikiri sana. Nikazungushia jiko vipande vya bati, nikaziba kila upenyo. Hewa ikatulia, moto ukasimama wima. Akili!

Nikataka kujua kama mtungi bado una baridi. Nikaugusa. Hauna! Ulikuwa wa moto kama pasi. Elieth alipiga kelele, akayapiga teke mabati, akafunga gesi, akauliza kama nataka kumfanya mjane mbele ya kuku. Nimeandika fundisho hapa: mtungi unataka hewa. Kidole kina lengelenge.

Sijajaribu ugali. Ugali ni maji na unga, una siri gani?

Alhamisi, 7 Novemba

Asubuhi nilipanda kilima mikono mitupu, jiko langu likiwa mfukoni. Sufuria tu nilibeba mgongoni. Nyuma yangu Mama Wegesa na mzigo wa kuni kichwani. Walimu walinizunguka mimi! Wakashika jiko, wakauliza maswali, mmoja akapiga picha. Nikawaeleza habari za baridi na moto. Filemoni alitikisa kichwa kwa heshima.

Kisha nikaweka sufuria ya watu wote juu ya vimiguu vya panzi. Maji yalichukua muda. Walimu wakaenda kutazama mandhari, wakarudi, wakaenda tena. Hatimaye yakachemka, nikamimina unga wa muhogo na mtama, nikaanza kusonga.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ugali wetu husongwa kwa nguvu za bega.

Msongo wa kwanza, jiko likayumba. Nikapiga magoti, nikabana sufuria kwa mapaja. Mwalimu mmoja akauliza kama nasali. Msongo wa pili, mguu mmoja wa panzi ukapinda. Sufuria ikaenda zake mteremkoni, ugali nyuma yake. Nilichowahi kukiokoa ni mwiko.

Mama Wegesa hakucheka. Alipakua ugali wake, nyama na mlenda, akanipa mimi sahani ya kwanza. Akasema, "Kula, mwanangu. Jiko lako ni zuri kwa chai."

Nilikataa mara moja tu, kwa adabu.

Ijumaa, 8 Novemba

Filemoni amempa kazi Mama Wegesa. Kwangu alileta nafasi ya kubeba maji na kupika chai ya wageni njiani. Mshahara mdogo, lakini upo. Elieth alifurahi hadi akaimba. Nami nilifurahi, dakika kadhaa.

Jumamosi, 9 Novemba

Mbalibali nzima inazungumzia harusi ya binamu yangu Daudi, kesho. Leo nimeona kwa fundi kijijini dishi kubwa bovu la televisheni. Ukilifunika kwa karatasi za kung'aa, jua lote hukusanyika mahali pamoja! Je, joto lake laweza kuivisha pilau ya ukoo mzima? Lazima liweze. Nimemwambia Daudi asisumbuke na kuni, ameshazigawa kwa majirani.

Jioni hii mawingu meusi yamejaa upande wa ziwa. Yatapita.