Kanuni za Kuongea Kama Fuko

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi! Kazi ya kukaa kitini!

Ilikuwa hivi. Niko kwenye meza yangu ya vifuniko vya simu, nje ya saluni ya Kinyozi. Ndani, Dairekta mmoja ananyolewa huku analia shida. Anatengeneza filamu ya watu-fuko: viumbe wa chini ya ardhi, nusu mtu nusu fuko, wana mikia. Kila kitu kipo ila lugha yao. Profesa mmoja kamwambia lugha haitungwi kwa wiki moja.

Nikaingiza kichwa mlangoni. Nikasema hiyo lugha mimi naijua. Dairekta akauliza nimeisomea wapi, wakati hao viumbe kawabuni yeye mwenyewe juzi. Nikamwambia ndiyo maana kozi ilikuwa fupi.

Kinyozi kacheka mpaka mashine ikamla Dairekta kisogoni. Dairekta hakucheka. Kaniangalia, kaniajiri!

Filamu yenyewe hainihusu. Ila mavazi anashona Fundi, yule mrembo wa cherehani ng'ambo ya barabara. Nilishamwambia nampenda. Akajibu mimi mtu mzuri, nachekesha, tatizo mama yake hataki mkwe ambaye kazi yake haielezeki. Haya sasa: mwalimu wa lugha! Hiyo nayo haielezeki?

Jumanne, 5 Machi

Darasa la kwanza, ndani ya ghala tupu. Waigizaji wote na mikia yao ya manyoya, simu mkononi, wanarekodi. Sikuwa nimeandaa kitu. Mwalimu anaandaa nini na kila kitu kiko kichwani?

Wakauliza wakati uliopita unasemwaje. Jasho! Macho yakaangukia mikia. Nikasema fuko hasumbuki na maneno. Jambo limepita, mkia begani kushoto. Linakuja, mkia begani kulia. Sasa hivi, mkia unaburuzika chini. Dairekta karuka juu kwa furaha.

Furaha yangu ikakatwa. Kaingia Kinyozi, na mkia! Eti kapewa ufalme wa mafuko, upara wake unang'aa vizuri gizani. Fundi kamfunga ule mkia kwa mikono yake mwenyewe. Kachelewa sana kwenye fundo.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimemkomoa! Nimetunga kanuni maalumu ya maombi: anayeomba kitu, hata awe mfalme, apige magoti, ashike mkia wa anayeombwa, aupulize, ndipo aseme. Mfalme akiomba maji, magoti. Akiomba njia, magoti. Nikasubiri aibu impasue.

Wapi! Kinyozi kapiga magoti kama aliyezaliwa nayo. Kapuliza kwa hisia. Dairekta katoa leso, kajifuta machozi, kasema sasa amemuona mfalme mnyenyekevu. Kazi bure.

Mama mmoja wa kinu cha kusaga, anayeigiza bibi wa mafuko, akauliza mbona jana maji nilisema zumbe na leo nasema pikoro. Nikamwambia lile lilikuwa la maji ya jana. Wote wakanakili!

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Dairekta kapiga marufuku lugha ya binadamu ndani ya ghala. Wote wanamwaga kifuko, lugha yangu ya mafuko, kama wamezaliwa shimoni. Na mimi sikumbuki hata neno moja! Ya jana niliyatunga jana, yakaondoka jana.

Nimeshinda natikisa kichwa. Kijana mmoja kaniambia kitu kirefu, mkia umelala chini, nikacheka na kumpiga bega. Kumbe mama yake kalazwa. Nimemfuata nje, nimeomba radhi kwa kibinadamu. Chai nayo imenipita, sikujua inaombwaje.

Ila Fundi! Kashika lugha yangu huku anashona tu, hakuhudhuria hata darasa. Kakaa na Kinyozi kutwa nzima, wanaongea kifuko, anacheka kaziba mdomo. Nimejisikia mwalimu kwelikweli. Mtoto akiongea vizuri, sifa kwa aliyemfundisha. Kesho namkabili.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi kajifunga mkia mmoja ajaribu urefu wake. Nikasema ndiyo nafasi yangu hii. Kabla sijafika, Kinyozi kapiga magoti mbele yake. Kashika mkia. Kaupuliza. Kasema maneno marefu ya kifuko, sauti inatetemeka.

Lakini mkia wake uko begani kushoto! Mwalimu anaweza kuvumilia hilo? Nikapaza sauti: Wewe! Hilo umesema limeshapita! Weka kulia! Rudia yote, na upulize tena vizuri! Karudia. Fundi naye kauinua wake polepole, kaulaza begani kulia. Ghala zima likalipuka, vigelegele, mikia juu. Nimepiga makofi kuliko wote. Nimempa Kinyozi tisa kwa kumi.

Kutoka nje, mama yake Fundi kanisubiri mlangoni. Kanishika mikono yote miwili. Kashukuru, eti bila mimi yule kijana mwoga angemchumbia binti yake mwaka gani? Mdomo ulikuwa mzito, lugha yangu ndiyo imemfungua. Kasema binti kashamweleza kazi yangu mwanzo mpaka mwisho, na ameielewa vizuri sana.

Nikasema asante, mama.

Jumamosi, 9 Machi

Sijatoka kitandani. Dada yangu kanisikiliza huku anapiga pasi. Kacheka mpaka kaunguza gauni. Halafu kakaa pembeni yangu, kanishika bega, kasema mdogo wangu, ugonjwa wako ni huo mdomo. Siku moja tu, ukiulizwa kitu, sema sijui. Utaona dunia haijaanguka.

Kweli kabisa. Dada ana akili. Nimemwahidi, mkono juu ya kifua. Sijui. Mbona linatamkika tu.

Jumapili, 10 Machi

Dairekta kapiga simu asubuhi. Filamu inayofuata ni ya watu-samaki. Hao hawaongei kabisa, ni kimya mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo mwalimu hahitajiki, alitaka kuniaga tu.

Nikamwambia polepole, bosi. Unadhani kunyamaza ni kitu rahisi? Samaki ana kimya cha kukataa, kimya cha njaa, kimya cha mjane. Waigizaji wako watavichanganya, watu wakuzomee. Akauliza kama nina ujuzi wa mambo hayo. Nikasema ndiyo nilichobobea, kuongea nilikuwa nasindikiza tu.

Kanirudisha kazini! Na kuna dada mmoja anayewapaka waigizaji rangi usoni, naye atakuwepo. Nasikia baba yake anataka mkwe mkimya.

Nimeanza kumfafanulia Dairekta kanuni za kunyamaza palepale kwenye simu. Tumefika katikati ya ile ya kwanza, simu ikaisha chaji.