Tai wa Kibuye

Ijumaa, 14 Machi 1969. Jua la kukaushia omena tangu asubuhi. Upande wa ziwa mawingu yamejikusanya, lakini hayana haraka.

Siku hiyo Kisumu nzima ilikuwa na fundi mmoja tu. Wengine wote walikuwa wagonga misumari! Hayo yalikuwa maneno ya fundi mwenyewe, Tom Oketch, naye aliyasema akiwa na shati jeupe, suruali ya pasi, na tai nyekundu ndefu iliyopita mkanda ikielekea magotini.

Beldina aliitazama tai ile, akautazama mlango wake, akaguna.

Mlango ulikuwa wa mvule, umelazwa juu ya madawati mawili nje ya chumba alichotaka kufungulia hoteli ya samaki, pale Kibuye. Marehemu baba yake, mjenzi wa mashua wa Dunga, ndiye aliyeupasua na kuuranda. Hakuacha kitu kingine. Na mwenye nyumba alikwisha kusema: ikifika Jumamosi jioni chumba hakina mlango wa kufungika, basi soko la Jumapili litamkuta humo mpangaji mwingine.

Kilichobaki ni tundu la kitasa. Tundu moja! Fundi yeyote mwenye keekee ya kuzungusha kwa mkono angelimaliza kabla chai haijapoa. Lakini Tom alikuwa amerudi kutoka Nairobi na drili ya umeme.

"Keekee ni ya babu zetu, Mama," alisema. "Hii ukiigusa tu, mbao inaomba msamaha."

Umeme waliuomba kwa Hiram Waweru, mwenye duka la jirani. Waya wa drili haukuwa na plagi, kwa hiyo Tom alizichomeka ncha zake tupu kwenye soketi, akazibana kwa njiti za kiberiti. Hiram alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe akipanda ngazi.

"Bwana Tom, vua hiyo tai."

"Nivue? Mzee, fundi bila tai ni kuku tu. Na mimi ni tai!" Akatandaza mikono, mabawa hayo!

"Basi iingize ndani ya shati."

"Tai hafichwi, Mzee."

"Na huo mlango ubane kwanza," Beldina alisema. "Baba alikuwa anabana mbao hata akitumia keekee."

"Mama, wewe kaanga samaki."

Mkononi Beldina alikuwa na kisu cha kuparia samaki, na kwa usalama wa fundi akarudi kwa samaki wake.

Tom aliishika drili kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uliingia mfukoni, kama bwana harusi anayepigwa picha. Akabonyeza swichi. Kisha, ili kidole chake kitukufu kisichoke, akabonyeza na kile kitufe cha pembeni kinachoifunga swichi isizime.

Drili ikanguruma! Chuma kikateleza juu ya mvule na kuchora mkwaruzo uliopinda kama njia ya mlevi. Yawa! Beldina aliusikia mkwaruzo ule kifuani. Tom akainama ili aone kosa ni la nani.

Tai ikamtangulia kuona.

Vrrrp! Drili iliimeza kama bata anayemeza mnyoo. Tom akavutwa chini, shavu likagonga mlango, mashine ikawa inamngurumia puani huku miguu ikitimua vumbi.

"Achia swichi!" Beldina alipiga kelele.

"Ni-me-a-chia!"

Kweli alikuwa ameiachia. Swichi ndiyo haikumwachia yeye! Uso ukaanza kuwa na rangi ya maini. Beldina akaudaka waya kwa mikono miwili, mbali na ncha, akauvuta kwa nguvu zote. Zile njiti zikaruka. Drili ikazima. Kuzibana ncha vibaya ndilo jambo pekee Tom alilolifanya vizuri siku hiyo.

Beldina akamwendea na kisu.

"Usikate, Mama!" Tom alikoroma, pua bado imelala juu ya mashine. "Ni hariri! Ya Nairobi!"

"Nikate tai au nikate shingo? Chagua, ndege wangu."

Hiram alicheka mpaka akashika nguzo. Beldina akakata. Tom akainuka na kipande kifupi shingoni, kama kola ya mbwa wa mzungu.

"Kesho uje na keekee," Beldina alimwambia. "Na huo mkwaruzo uurande mpaka nisiuone."

Asubuhi iliyofuata Tom alifika kabla ya maduka kufunguliwa, kola wazi, mikono ya shati imekunjwa. Aliubana mlango kwenye madawati, akauranda mpaka mvule ukang'aa, kisha akaanza kuzungusha keekee polepole, bila neno. Kando yake, kuku wa kufungulia hoteli alikuwa amefungwa kwenye mguu wa dawati kwa kipande cha hariri nyekundu.

Hiram akatoka dukani.

"Habari ya asubuhi, Bwana Tai!"

Tom akainua kichwa kuitikia. Hiram alikuwa anamsalimia kuku.